Madina au Beijing? Njia tatu za kudai haki ya mwanamke wa Kiislamu

Msichana amemaliza chuo, ana kazi, mchumba amekuja kwao na mahari imekwisha kutajwa. Shangazi anamwambia: “Mwanangu, Uislamu ulishakupa haki zako miaka elfu moja na mia nne iliyopita. Mambo ya Beijing waachie wenyewe.” Mwenzake wa ofisini anasema haki ni sheria ya serikali, hamsini kwa hamsini, dini ikae pembeni. Halafu yupo wa tatu, kasoma Kiarabu kidogo na mtandaoni mengi, anayemwambia ashike msahafu ausome mwenyewe, kwa kuwa tafsiri zote alizosikia ziliandikwa na wanaume.

(Kwa waliozaliwa juzi: “Beijing” ni mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa wa 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Mtaani jina likageuka kejeli ya mwanamke anayejua kujibu.)

Watatu hawa nimewasikia nyumba moja, kikao kimoja, chai haijapoa. Kila mmoja ana hoja. Kinachowaponza ni mizani yao. Shangazi huchukua aya za Kurani akazishindanisha na ndoa za Ulaya zinazovunjika; wa ofisini huchukua Katiba akaishindanisha na mume fulani wa mtaa wa pili anayepiga. Maneno mazuri ya huku kwa matendo mabaya ya kule. Ukipima hivyo, mshindi unamjua kabla hujaanza.

Mimi nitachukua kesi za wanawake wenyewe wa Madina, zile zilizopokewa katika vitabu vya hadithi, kisha niziulize njia zote tatu: hii unaisomaje? Njia ya shangazi nitaiita mapokeo, yaani fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, kama tulivyoipata kwa mashekhe zetu, na huku Pwani ni madhehebu ya Shafii. Ya ofisini niiite haki sawa. Ya tatu wenyewe huiita ufeministi wa Kiislamu; mimi nasema kusoma upya. Neno ufeministi lilianza kutumika Ufaransa katika karne ya 19, na kumvisha Bibi Khadija ni kumpa kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Mali: mapokeo yana nguvu kuliko yanavyojijua

Baada ya vita vya Uhud, mwaka 625, mjane wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na mabinti zake wawili. Baba yao kauawa vitani, ami yao kachukua mali yote, na mama akasema waziwazi kwamba bila mali mabinti hawa hawataolewa. Akaambiwa asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ikashuka aya ya urithi, An-Nisaa 4:11, na ami akaitwa: wape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni (moja ya nane), kinachobaki ni chako. Piga hesabu kwa mafungu 24. Mabinti 16, mjane 3, ami 5. Aliyeamka na ishirini na nne kalala na tano.

Desturi ya Waarabu wa wakati ule ilikuwa anarithi anayeweza kupigana. Mjane naye aliweza kuhesabiwa ndani ya mirathi, ndiyo maana 4:19 inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Mahari ikaamriwa apewe mwanamke mwenyewe (4:4), si baba yake. Na mali ya mke ikabaki yake, haimezwi na ya mume. Uingereza, mke alingoja sheria za 1870 na 1882 ndipo mshahara na mali yake viache kuwa vya mumewe. Ufaransa, mpaka 1965, mume aliweza kumzuia mkewe kufanya kazi. Shangazi angezijua tarehe hizi, kikao chote kingekuwa chake.

Lakini mali kutochanganyika kuna upande wa pili, na shangazi haufiki. Mke kapika, kalea, kafua miaka ishirini, na hati ya nyumba ina jina la mume. Akiachwa, fikihi ya kawaida inampa mahari iliyobaki, matumizi ya edda (muda wa kungoja baada ya talaka), na mutaa, kile kiliwazo cha talaka. Nyumba inabaki na mwenye jina. Hapa haki sawa inashinda bila kutafuta maneno. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika jambo hilohilo. Kwa hiyo ndoa moja, dini moja, lugha moja, jibu linategemea uko upande gani wa mpaka wa Horohoro.

Kusoma upya kunaingia hapa na swali ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Fikihi yetu ya Shafii haimlazimishi mke kupika wala kufua. Wajibu wake wa ndoa si huo. Sasa kama si wajibu, kazi ile miaka ishirini ilikuwa nini? Hisani, au deni? Mafakihi, yaani wanasheria wa dini, wa madhehebu ya Maliki kule Moroko walikutana na swali hili zamani. Karne ya 16, Ibn Ardun alitoa fatwa kuwa mke wa shambani aliyevuna pamoja na mumewe ana fungu lake katika mavuno, na haki hiyo ina jina huko mpaka leo: kadd wa siaya, jasho na juhudi. Haikutoka Beijing.

Nusu ya kaka

Kwenye urithi ndiko kelele huwa kubwa, nami nitapita haraka kwa sababu ninayoitaja chini.

Mapokeo: binti hupata nusu ya fungu la kaka yake kwa kuwa kaka ndiye mwenye jukumu la kulisha. Tena si kila mwanamke hupata nusu. Baba na mama wa marehemu aliyeacha watoto wa kiume hupata sudusi (moja ya sita) kila mmoja, sawasawa. Haki sawa: nusu ni nusu, na leo dada ndiye analipa ada za wadogo zake. Kusoma upya: fungu lilifungwa na jukumu, jukumu likihama fungu lijadiliwe. Tunisia, nchi iliyokataza mitala tangu 1956, ilileta mswada wa kusawazisha urithi mwaka 2018 na haukupita. Ukichagua vita hivi, jua ni vya miaka mingi.

Sababu ya kupita haraka ni hii: kwa ninavyoona huku kwetu, wanawake wengi hawapotezi nusu, wanapoteza lote. Nyumba ya baba “haiuzwi,” kaka mkubwa anahamia na mkewe, dada wanaambiwa wasivunje udugu, na miaka kumi inapita. Mjane wa Saad asingekaa kimya hivyo. Kwa mwanamke wa namna hii, njia ya shangazi ndiyo fupi kuliko zote: aende kwa kadhi na aya ya 11, mafungu yapigwe.

Kuoa na kuozwa

Khansa bint Khidham, mwanamke aliyewahi kuolewa, aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Akamwendea Mtume, ndoa ikavunjwa. Hii imo kwa Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi. Yupo mwingine, binti ambaye jina lake halikubaki, aliyesema baba yake kamwoza kwa mtoto wa ndugu yake ili kujipandisha hadhi. Mtume akamwachia uamuzi. Binti akajibu kwamba ameshakubali aliyoyafanya baba, ila alitaka wanawake wajue kuwa akina baba hawana amri katika jambo hili. Wanazuoni wamejadili isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya simulizi hii ya pili, na unastahili kujua hilo kabla hujaitumia mbele ya shekhe. Lakini tazama ujasiri wa yule binti: kesi kashinda, mume kamkubali, na bado alitaka jibu litangazwe.

Sasa mshangao. Madhehebu yetu ya Shafii yamempa baba uwezo wa kumwoza binti bikira bila idhini yake ya wazi, na kumtaka ushauri ni sunna. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wanasema mwanamke baleghe anaweza kujiozesha mwenyewe. Wote wana Kurani moja na wamesoma hadithi za Mtume huyohuyo. Mtu akikwambia “Uislamu unasema” kwenye jambo hili, muulize kwanza: kwa madhehebu gani?

Haki sawa nayo isijisifu mapema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya serikali, isiyo ya dini yoyote, inadai ridhaa ya wote wawili, lakini iliweka umri wa mvulana 18 na wa msichana 15. Mpaka Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu, ikasema mwaka 2016 kuwa vifungu vile vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ubaguzi ulikuwa umekaa ndani ya sheria ya kisasa kwa miongo.

Bustani ya Thabit

Kesi hii nairudia kila nikipata nafasi. Mke wa Thabit bin Qays alikwenda kwa Mtume akasema simlaumu mume wangu kwa tabia wala kwa dini, ila naogopa kukufuru neema nikiwa ndani ya Uislamu. Kwa lugha yetu: mtu mzuri, lakini simwezi. Mtume akamuuliza kitu kimoja tu: utamrudishia bustani yake? Bustani ndiyo iliyokuwa mahari. Akasema ndiyo. Thabit akaambiwa: ipokee bustani, umwache.

Haulizwi sababu zaidi. Hatakiwi kuleta jeraha wala shahidi wa kosa. Ndiyo asili ya khului, talaka anayoiomba mke kwa kurudisha mahari.

Mapokeo yanasoma maneno yale kwa Thabit kama ushauri, hivyo wanazuoni walio wengi wanasema khului inahitaji mume akubali. Asipokubali, mke atafute faskhi, yaani ndoa kuvunjwa na kadhi, na huko sasa sababu zinatakiwa: hatoi matumizi, ametoweka, anadhuru. Matokeo yake tunayajua wote. Yapo majumba ambamo mume hukataa kuacha mpaka alipwe mara mbili ya alichotoa, na watu wamelipa jina, kununua talaka, kana kwamba ni sukari dukani.

Kusoma upya kunasema: “ipokee” ilikuwa amri ya hakimu. Na hapa kuna ushindi wa kuonyesha. Misri, sheria namba 1 ya mwaka 2000 ilimruhusu mke apate khului mahakamani hata mume asipokubali, akirudisha mahari na kuacha haki zake za fedha. Sheria hiyo ilipita kwa kusimama juu ya bustani ya Thabit. Haki sawa peke yake isingeifikisha bungeni Kairo. Mapokeo peke yake yasingeiandika.

Haki sawa ina pingamizi, na ni la kweli: mume anaacha kwa neno moja bila kurudisha kitu, mke ananunua uhuru wake. Hiyo khului nzuri ni ya mwenye bustani ya kurudisha. Aliyepewa mahari ya ahadi na msahafu, akashinda na njaa ndani ya ndoa, atarudisha nini?

Nani aseme

Khawla bint Thalaba alibishana na Mtume juu ya mume aliyemwambia “kwangu wewe ni kama mgongo wa mama yangu,” maneno ya kumfungia mke nje bila kumwacha. Sura nzima ina jina lake la kazi, Al-Mujadila, mwanamke anayejadili. Ummu Salama, mke wa Mtume, aliuliza mbona Kurani inawataja wanaume, ikashuka 33:35 yenye wanaume na wanawake bega kwa bega, waumini wa kiume na wa kike, wasemao kweli wa kiume na wa kike, mara kumi. Bibi Aisha alipokea hadithi zaidi ya elfu mbili na kuwasahihisha masahaba wakubwa pale waliposikia nusu ya neno.

Ndipo mapokeo yanaleta hadithi ya sahaba Abu Bakra (si Abu Bakar khalifa): hawatafanikiwa watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Fatima Mernissi wa Moroko, mwaka 1987, aliichimba. Ilisemwa juu ya binti wa Kisra, mfalme wa Uajemi. Abu Bakra akaikumbuka miaka mingi baadaye, Aisha alipokuwa ameshindwa Vita vya Ngamia vya 656. Na Abu Bakra huyo aliwahi kupigwa viboko na khalifa Umar kwa kutothibitisha shutuma ya zinaa. Wanazuoni wa mapokeo humjibu kwamba hadithi imo kwa Bukhari na masahaba wote ni waadilifu. Mimi naona Mernissi alifaulu zaidi kuonyesha lini hadithi ilianza kutumika kuliko kuifuta. Hilo tu linatosha kumfanya msomaji awe makini.

Haki sawa hapa ina doa lake. Lord Cromer, aliyetawala Misri kwa niaba ya Uingereza, aliandika kuwa Uislamu unamdhalilisha mwanamke. Aliporudi kwao akaongoza chama cha wanaume waliopinga wanawake kupiga kura. Leila Ahmed, msomi wa Kimisri, alilikumbusha hilo mwaka 1992, na tangu hapo ni vigumu kusema ukombozi ulikuja na meli. Wamisri wenyewe waligawanyika: Huda Sha'arawi alianzisha umoja wa wanawake mwaka 1923, na Zaynab al-Ghazali akatoka humo akaunda jumuiya ya wanawake wa Kiislamu mwaka 1936, akisema dini inatosha. Kikao cha chai kile kile, Kairo.

Amina Wadud, msomi Mwislamu wa Marekani, kuswalisha Ijumaa mbele ya wanaume na wanawake, New York, Machi 2005, ndiyo picha ambayo watu huituma kwenye simu wakitaka kutisha wenzao. Kwa msichana wa mahari haimsaidii wala haimdhuru, naiacha.

Kesi isiyowapendeza wote watatu

Barira alikuwa mtumwa. Alipoachwa huru kwa msaada wa Aisha, akapewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith, aliyekuwa bado mtumwa, au kuachana naye. Akamkataa. Mughith akawa anamfuata njiani Madina akilia, machozi yanateremka ndevuni, mpaka Mtume akamwambia ami yake Abbas: hustaajabu mapenzi ya Mughith kwa Barira na chuki ya Barira kwa Mughith? Akamwombea: ungemrudia. Barira akauliza: unaniamrisha? Akajibiwa: hapana, naombea tu. Basi, akasema, sina haja naye.

Hakuna mwanamke ninayemjua, wa zama zozote, aliyetenganisha amri na ombi kwa ufasaha ule mbele ya mtu mkubwa kiasi kile. Na akaachwa na uamuzi wake.

Lakini hiari aliipata siku alipokuwa huru. Jana yake hakuwa nayo. Haki nyingi nilizotaja juu zilikuwa za mwanamke huru. Suria, mtumwa wa kike aliyelala na bwana wake, hakuwa na mahari wala khului. Mapokeo hupita hapa kimyakimya. Sisi wa Pwani hatuwezi kupita: Zanzibar ilipofuta utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909, na waliotetea kuachwa huko walitumia fikihi, huku Waingereza wa haki sawa wakiwakubalia. Wa kusoma upya wana jibu, kwamba Kurani ilielekeza kwenye uhuru na watu wakasimama njiani. Naipenda hoja hiyo. Inadai pia ukubali kuwa aya zinaweza kuwa na mwelekeo unaopita hukumu ya siku ile, na ukishakubali kwa utumwa, shangazi atakuuliza utaishia wapi.

Basi uchague ipi

Kama una kesi wiki hii, ya matumizi, mahari ambayo haijalipwa, fungu la urithi lililozuiwa, shika mapokeo. Kadhi ataielewa lugha yako, na kaka zako hawatakuwa na pa kukimbilia. Kenya, mahakama ya kadhi imo ndani ya Katiba ya 2010, kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda huko. Ukiona huko hupati, mlango wa pili upo.

Kama umeachwa Tanzania Bara na jasho lako limo kwenye nyumba yenye jina la mtu, haki sawa ndiyo yenye meno. Usimwache mtu akutie haya kwamba kwenda mahakamani ni kuacha dini. Sheria ile ya 1971 inakutaka upitie kwanza baraza la usuluhishi, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wana lao.

Kama hujaolewa bado, au una binti, au unataka kubadilisha jambo ili wajukuu wasilikute, soma upya. Ni njia ya polepole, utaitwa majina, na utahitaji Kiarabu na subira. Musawah, mtandao ulioanzishwa Kuala Lumpur mwaka 2009, umekusanya watu wa kazi hiyo. Anza na bustani ya Thabit na kadd wa siaya, si na imamu wa New York.

Na yule msichana wa mwanzo, aliye kati ya shangazi na mwenzake wa ofisini? Mahari aipokee mkononi mwake, iandikwe kiasi gani na lini. Masharti yake ayaseme kabla ya akdi (kufunga ndoa), mbele ya walii (msimamizi wake) na mashahidi, na aulize kwa Shafii yapi yanashika na yapi ni mapambo. Wakianza kujenga, saruji na mabati atakayonunua yeye, risiti ziwe na jina lake. Mali yake ni yake kwa Kurani, lakini kadhi na hakimu wote wawili watataka karatasi. Karatasi hizo azihifadhi kwa mama yake, si kwenye kabati la chumba cha kulala.